Miaka 50 ya Kanisa la Uani

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi na kutoka na uamuzi uliogusa maisha ya waamini kuliko barua nyingi za kichungaji zilizotangulia. Waliamua kwamba kwa miaka ijayo kazi ya kwanza ya Kanisa katika ukanda huu itakuwa kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji. Leo, miaka 50 baadaye, Mkatoliki wa Mbagala, wa Kisumu au wa Songea akiulizwa anasali wapi, atataja parokia yake, na papo hapo ataitaja jumuiya: Mtakatifu Yosefu, Mtakatifu Monika, Familia Takatifu. Waliozaliwa tangu wakati huo hawajui Kanisa lisilo na jumuiya. Wanatudai simulizi ya zilikotoka, ya waliozipigania, na ya zilichofanya siku mbaya zilipofika.

Uamuzi ule ulikuwa wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu ulioanza mwaka 1961 kwa nchi tano: Tanganyika, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi. Tatizo lililowakabili alilijua kila aliyewahi kuishi kigangoni. Parokia moja iliweza kuwa na ukubwa wa wilaya. Padre, mara nyingi mmisionari, alifika kwa pikipiki au Land Rover mara moja kwa mwezi, kwingine mara moja kwa miezi kadhaa. Aliungamisha, akabatiza, akaadhimisha Misa, akaondoka kabla giza halijaingia. Siku zote zilizobaki Kanisa lilikuwa mabegani mwa katekista. Mjini kengele ililia kila asubuhi, lakini upweke ulikuwapo vilevile: umati ulijaa Jumapili, watu wakapeana amani bila kujuana majina, wakatawanyika. Mtu aliweza kuugua, kufukuzwa kazi, hata kufiwa, na waliokaa naye benchi moja miaka yote wasipate habari.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, ulikuwa umekwisha kufundisha kwamba Kanisa ni Taifa zima la Mungu, wala si mapadre na watawa peke yao. Swali lililobaki kwa Afrika Mashariki lilikuwa la kiutendaji: taifa hilo likutane wapi, kwa siku gani, na nani awashe mshumaa? Mwaka 1973 maaskofu walikutana kupanga mwelekeo wa Kanisa kwa miaka ya 1980, wakakubaliana kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ambazo watu wake wanajuana, wanasaidiana na wanaweza kujiongoza. Mkutano wa 1976 uliligeuza wazo hilo kuwa kipaumbele. Mwaka 1979, safari hii Zomba nchini Malawi, wakakaa tena kupima walipofikia.

Lakini wazo lenyewe halikuzaliwa kwenye meza ya mkutano. Maaskofu wa Kongo walikuwa wameanza kuzungumzia jumuiya hai za Kikristo tangu mwaka 1961. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alikwenda mbali zaidi, na mwaka 1975 akaanza kuwakabidhi walei, wanaume wenye wake na watoto, uongozi wa parokia. Ilikuwa miaka migumu. Rais Mobutu alikuwa amepiga marufuku majina ya Kikristo na vyama vya vijana vya makanisa, na mwaka 1972 Malula mwenyewe alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Jumuiya iliyokutana nyumbani kwa mtu haikuhitaji ofisi wala bango, kwa hiyo ilikuwa vigumu kuifunga.

Tanzania ilikuwa na njia yake. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na watu walikuwa wamekwisha kuzoea nyumba kumi kumi na balozi wao. Kukaa na majirani kuzungumzia mambo ya mtaa halikuwa jambo la kufundishwa. Katika Jimbo la Rulenge, upande wa magharibi kuelekea Rwanda na Burundi, Askofu Christopher Mwoleka alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi humo na wanakijiji. Wapo waliodhani askofu amegeuka mwanasiasa. Ukisoma tafakari zake unakuta mtu aliyekuwa anawaza Utatu Mtakatifu usiku na mchana. Kwake Nafsi tatu za Mungu mmoja hazikuwa fumbo la kuumiza kichwa bali maisha ya kufuata: kila Nafsi inatoa yote iliyo nayo, hakuna inayojiwekea akiba. Mkristo anayeamini hivyo, alisema, hawezi kuishi kama kisiwa. Naona hapo ndipo penye mzizi hasa wa jumuiya zetu, kuliko katika uhaba wa mapadre ambao hutajwa mara nyingi. Hata tungekuwa na padre katika kila kijiji, bado tungehitaji kuishi pamoja namna hiyo.

Malawi walilipa gharama mapema. Askofu Patrick Kalilombe wa Lilongwe alianza kujenga jumuiya hizo tangu mwaka 1973. Serikali ya Kamuzu Banda, iliyotaka kila mkusanyiko uwe chini ya chama, iliziona kuwa vikundi vya siri, na mwaka 1976, mwaka uleule wa uamuzi wa Nairobi, Kalilombe alilazimika kuondoka nchini. Jumuiya zilibaki. Tarehe 8 Machi 1992 maaskofu wa Malawi waliagiza isomwe katika makanisa yote barua ya Kwaresima iliyotaja hadharani umaskini, woga na ukosefu wa haki. Waliitwa polisi wakahojiwa, na hata kuwa na nakala ya barua hiyo kulihesabiwa uchochezi. Mwaka uliofuata Wamalawi walipiga kura ya maoni, wakaukataa mfumo wa chama kimoja.

Kutoka Afrika Kusini ilikuja zana. Katika Taasisi ya Lumko mapadre wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao baadaye wote walifanywa maaskofu, walitengeneza utaratibu wa hatua saba za kushirikishana Injili. Ulitafsiriwa, ukachapwa katika vijitabu vyembamba, ukaenea hadi vijijini kusikofika gazeti.

Aliyewahi kuhudhuria anaujua. Kwingine ni Jumamosi alfajiri kabla watu hawajaenda sokoni, kwingine ni Jumapili alasiri. Mwenye zamu ya nyumba amefagia ua, ametandaza mkeka kwa ajili ya watoto, ameazima mabenchi kwa jirani. Juu ya meza ndogo iliyofunikwa kitenge kuna msalaba, mshumaa na Biblia iliyoanza kuachia jalada. Mwenyekiti, mara nyingi mama, anamwomba mmoja amkaribishe Bwana kwa maneno yake mwenyewe. Injili ya Jumapili inasomwa. Kisha kila mtu anatamka neno au kifungu kilichomgusa, taratibu, mara tatu, bila kuhubiri. Unafuata ukimya. Wageni hupata taabu katika ukimya ule, wakakohoa na kupanga viatu. Baada yake mzee asiyejua kusoma anasema Injili hiyo imemwambia nini kuhusu ugomvi wake wa mpaka wa shamba, na mwalimu wa sekondari ananyamaza kumsikiliza.

Hatua ya sita ndiyo iliyobeba miaka hii 50. Hapo mwenyekiti anauliza: wiki hii tuna kazi gani? Nani anaumwa? Nani hajaonekana? Daftari linafunguliwa. Mama fulani amelazwa, wawili watamwona kesho. Paa la mjane linavuja, vijana watafute bati. Mtoto wa familia fulani amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Huwezi kujificha katika kikundi cha kaya kumi na tano au ishirini, wala huwezi kusahauliwa. Jumuiya inayoiruka hatua hiyo imebaki na sala nzuri tu.

Miaka ya 1980 ukaja ugonjwa. Tanzania iligundua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mkoani Kagera mwaka 1983. Huko waliuita Juliana kabla haujapata jina la hospitali. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka nchini Uganda, vijiji vilikuwa vinazika kila siku. Wagonjwa walirudishwa kutoka mjini wafie kwao, na wengi walikuta hata ndugu wanaogopa kuwagusa. Mwaka 1987 Hospitali ya Kitovu, katika Jimbo la Masaka, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani kwa gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jimbo la Ndola nchini Zambia lilijenga huduma kubwa ya aina hiyo kwa nguvu ya watu wa kujitolea. Wahudumu wa hospitali walikuja na dawa za maumivu na ushauri, kisha gari likaondoka. Aliyebaki alikuwa mama wa jumuiya.

Kazi yake ilikuwa hii. Alifika asubuhi na uji kwenye chupa ya chai. Alimgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, akamwosha, akafua shuka zilizochafuka, akazianika mahali pasipoonekana na wapita njia ili kulinda heshima ya nyumba. Alimwombea, na mgonjwa alipotaka kuongea alikaa chini akasikiliza. Mgonjwa alipofariki, jumuiya ilichanga sanda na mbao za jeneza, kisha ikabaki na watoto. Nani alikaa na yatima wale? Wengi walikulia kwa bibi zao, na bibi alipoishiwa, alibisha hodi kwa wanajumuiya. Hayo yalifanyika kwa miaka mingi kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kupatikana kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Akina mama wale hawakupewa cheti wala posho, na walio wengi hawamo katika kitabu chochote cha historia ya Kanisa. Ikiwa sherehe za miaka 50 zitakuwa na meza kuu, viti vyake vya mbele ni vyao.

Historia ya kweli haiwezi kuruka mwaka 1994. Tarehe 10 Aprili mwaka huo Papa Yohane Paulo II alifungua jijini Roma Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, ile iliyolitaja Kanisa kuwa Familia ya Mungu na kuzipa jumuiya ndogo nafasi ya heshima. Siku tatu kabla, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Wakristo na ambako jumuiya za msingi zilikuwapo. Watu walikimbilia makanisani Nyamata, Ntarama na Nyarubuye wakauawa humo, na baadhi ya wauaji walikuwa wamesali nao. Mwishoni mwa mwezi ule wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja wakaingia Ngara, katika jimbo lilelile la Mwoleka. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto waliochoka, na walikuwamo pia waliokuwa na damu mikononi. Jimbo maskini lililokuwa limehubiri kushirikiana vyote likajikuta linagawana maji na kuni na umati huo.

Tulijifunza nini? Kwamba orodha ya wanajumuiya si jumuiya. Mtu anaweza kuhudhuria kila wiki, akashika rozari, na moyoni akabaki na kabila lake kama mungu wa kwanza. Warwanda wenyewe walilikabili swali hilo kwa ujasiri ambao sisi majirani tumeusifu bila kuuiga. Kuelekea Jubilei ya mwaka 2000 Kanisa la Rwanda liliwaita waamini katika vikao vya majimbo vilivyozungumzia ukabila waziwazi. Baadaye, katika parokia ya Mushaka, Padre Ubald Rugirangoga, ambaye mama yake na ndugu zake wengi waliuawa, aliwasindikiza waliotoka gerezani na waliofiwa katika safari ndefu ya mafundisho kabla ya kurudi pamoja mezani pa Bwana. Msamaha uliombwa mbele ya wanajumuiya, kwa sababu ndio waliokuwa wameumizwa na ndio wangeendelea kuchota maji kisima kimoja. Yeye mwenyewe alimlipia ada mtoto wa mtu aliyehusika na kifo cha mama yake. Alifariki mwaka 2021.

Kenya ilipata kipimo chake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Siku ya mwaka mpya, katika kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto. Mjini Eldoret Askofu Cornelius Korir alifungua ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, na maelfu wakalala humo kwa wiki nyingi, wa jamii mbalimbali. Zipo jumuiya za Bonde la Ufa zilizopasuka wakati ule, wanachama wakaogopana. Zipo pia ambazo wanachama wake walifichana majumbani, mwenyeji akasimama mlangoni na kuwaambia vijana wenye mapanga kwamba humu hamna mtu.

Korir alikuwa amejifunza tangu mapigano ya mwaka 1992 kwamba amani inayotangazwa jukwaani haishuki yenyewe hadi shambani. Njia yake, aliyoieleza katika kitabu chake Amani Mashinani, ilianza na watu wachache kutoka kila upande, wakakutana kimya kimya, wakaambiana ukweli mchungu, kisha wakarudi kuzungumza kwanza na watu wao. Mikutano ikapanuka kidogo kidogo. Mwishowe pande mbili zilianza kazi moja ya pamoja, barabara au shule, ili wawe na sababu ya kukutana tena kesho. Hakuharakisha. Alifariki mwaka 2017, na waliomlilia walitoka kila upande wa ugomvi ule. Kila Kwaresima jumuiya za Kenya huendelea kutumia vijitabu vya Tume ya Haki na Amani, vyenye kisa, Injili na swali la hatua gani ichukuliwe, na naona ni mojawapo ya urithi bora wa miaka hii 50.

Kuhusu korona niseme kwa ufupi. Kenya na Uganda zilifunga nyumba za ibada mwaka 2020, na familia zikajikuta zinasali sebuleni. Jumuiya zilizokuwa na orodha ya simu na mazoea ya kutembeleana zilijua ndani ya siku chache ni nani hana unga. Nyingine hazikujua.

Matukio hayo yote ninayasoma hivi: dhiki haikujenga jumuiya yoyote. Iliikuta ilivyo. Mahali watu walipokuwa wamekwisha kusikilizana katika mambo madogo, sare ya mtoto, paa la mjane, ugomvi wa mpaka, ndipo walipoweza kubebana katika makubwa. Mahali walipokuwa wanakutana kwa ajili ya daftari la michango peke yake, siku ya moto kila mmoja alikimbia na wa kwao.

Ndiyo maana nasikitishwa na tunachozifanyia baadhi ya jumuiya zetu leo. Injili inasomwa kwa dakika tano, kisha nusu saa ni matangazo: zaka, ujenzi wa nyumba ya mapadre, sare za kwaya, harambee ya parokia. Sipingi michango, maana Kanisa letu lazima lijitegemee, na hilo lilikuwa sehemu ya ndoto ya 1976. Lakini maskini akishaona jumuiya ni mahali pa kutajwa anachodaiwa, haji tena, na huyo ndiye ambaye jumuiya ilianzishwa kwa ajili yake. Vilevile mfiwa anapoulizwa kadi ya jumuiya kabla ya kupewa pole, tumeupotosha wito wenyewe. Na wanaume, tuseme ukweli, tumewaachia akina mama mzigo huu kwa nusu karne, tukijitokeza siku ya uchaguzi wa mwenyekiti na siku ya msiba.

Paroko unayesoma haya, waachie wanajumuiya dakika zao za ukimya na hatua yao ya sita, na matangazo ya fedha yasomwe kanisani. Kiongozi wa jumuiya, pitia orodha yako utafute jina la aliyeacha kuja, umwendee nyumbani bila bahasha. Nawe ambaye kadi yako ina mihuri yote lakini hujui jirani yako wa tatu anaitwa nani, Jumamosi hii toka uende mnakokutana, ukae hadi mwisho, na mwenyekiti akiuliza nani anaumwa, ujitolee kwenda kumwona.